Usitume hela ya hizo sipiyu nne kabla hujachagua gemu

Mkuu, simama hapo hapo. Usitume hela.

Nimesoma uzi wako mpaka mwisho na jasho limenitoka. Umeandika kwamba uko Nachingwea, hela ya mnada wa korosho imeshaingia, na kuna jamaa Dar anakuuzia sipiyu nne (makasha ya kompyuta) za mtumba "zinazobeba gemu yoyote ya zamani". Unataka kuzifunga chumba cha uani ili jioni washkaji wakutane wacheze. Ukauliza uanze na gemu zipi, upige Windows 7 au XP, ununue kadi za grafiksi (za kuchora picha) ngapi, na pedi za aina gani zinadumu. Waliokujibu wamekumwagia majina ya magemu, kila mtu lile alilolipenda akiwa sekondari. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza ndani ya hayo makasha kuna nini.

Nakupa kanuni moja, hata usipokumbuka kingine chochote: gemu huchaguliwa kwa kuangalia mashine iliyo dhaifu kuliko zote chumbani. Ile nzuri isikudanganye, na wala usipige wastani. Chukua ile mbovu, iliyokuja na vumbi, yenye ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ndogo, ndiyo itakayoamua mtacheza nini.

Sisi hapa Mtwara mjini tulipita njia unayotaka kupita. Tulichanga watu wanne. Mmoja wetu alikuwa ameiona Battlefield 2 akiwa chuoni, akatutia hamu sote: gemu ya mwaka 2005, vifaru, helikopta, ramani unayokimbia mpaka unachoka. Tukampigia muuzaji mmoja wa Kariakoo, tukamtajia jina la gemu. Hakuuliza swali hata moja. "Hizo Pentium 4 zinabeba bila shida, ongezeni tu kadi." Na kadi akatuuzia yeye mwenyewe, nne, za AGP (aina ya zamani ya tundu la kadi ya grafiksi), kwa bei ambayo mpaka leo nikiikumbuka naumia.

Mzigo ukaja kwa basi. Tukafungua kasha la kwanza, zile sipiyu nyembamba za ofisini zinazolazwa chini ya monita. Fundi akachukua kadi mkononi, akainama, akatafuta pa kuchomeka. Palikuwa na matundu meupe ya PCI, aina nyingine ya tundu, basi. Mahali ambapo tundu la AGP hukaa, lile la kahawia lililojitenga kidogo, palikuwa na mchoro wake tu kwenye mazabodi (bamba kuu la kompyuta) na vishimo vya lehemu vimejipanga, vitupu. Tundu lenyewe kiwandani hawakuliweka. Tukafungua la pili, hivyo hivyo. La tatu, la nne.

Ile mazabodi ilikuwa ya Intel 845GV. Shika hiyo herufi ya mwisho. 845G inakubali kadi ya AGP, 845GV haikubali. 865G inakubali, 865GV haikubali. Ukisimama nje ya kasha huwezi kujua, stika ya mbele inasema Pentium 4 kwenye zote mbili. Na hata tundu lingekuwepo, zile kadi zilikuwa ndefu kwa kimo, mfuniko wa kasha jembamba usingefunga. Makasha yale yanataka kadi fupi maalumu, na pawasaplai yake (kisanduku cha kugawa umeme) ni ndogo.

Tukasema basi, tujaribu bila kadi. Grafiksi iliyojengewa kwenye zile mazabodi ni Intel Extreme Graphics, na hiyo haina kabisa ile kazi ya kupaka rangi na mwanga kwenye picha inayoitwa pikseli sheda. Battlefield 2 inataka pikseli sheda 1.4 au zaidi, na ramu ya MB 512. Ukibofya, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu unarudishwa kwenye desktopu kama hukubofya kitu. Wala haikukwama, haikufunguka kabisa. Unaweza kupunguza mipangilio yote, ukaondoa vivuli, ukashusha ukubwa wa picha, haisaidii chochote, kwa sababu chipu yenyewe haijui kufanya kile gemu inachoomba.

Tulimpigia muuzaji. Kwanza akasema fundi wetu hajui kazi. Halafu akasema tulitaka bei rahisi. Halafu akaacha kupokea. Mwenzetu mmoja aliweka humo hela ya mabati ya nyumba yake, na masika yale alilala chini ya makuti yanayovuja. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali. Mtu anayekwambia sipiyu ya mtumba "inabeba gemu yoyote" anasema uongo wa wazi, kwa kuwa hakuna mashine ya hivyo duniani, mpya wala kuukuu. Muuzaji wa kweli angekuuliza: gemu gani, wangapi mnacheza, umeme wenu ukoje. Huyo jamaa yako wa Dar amekuuliza hata moja kati ya hayo? Kwenye uzi sijaona.

Na hapo ndipo wengi huongeza hela juu ya hela. Sisi tuliongeza. Tukanunua sipiyu moja ya kusimama, yenye AGP, tukachomeka kadi moja kati ya zile nne, ikakubali, gemu ikafunguka na ni nzuri kweli. Mashine moja inacheza, tatu zimezimwa, watu wamesimama nyuma ya kiti cha mmoja. Washkaji hawakuja kuangalia mgongo wa mtu. Kila ukiboresha moja, gemu unayoweza kucheza na wenzako inabaki ile ile inayokubaliwa na ile ya chini.

Tukashuka. Tukaweka Age of Empires II, gemu ya kujenga miji na kupiganisha majeshi, ya mwaka 1999, pamoja na nyongeza yake The Conquerors ya 2000. Hiyo inaomba prosesa (ubongo wa kompyuta) ya MHz 166 na ramu MB 32 tu, kwa hiyo zile Pentium 4 nyembamba zinaicheka. Watu mpaka wanane, waya na swichi ya kuunganisha kompyuta, raha tupu. Lakini hata huko kanuni ikatufuata. Sipiyu moja kati ya zile nne ilikuwa na ramu ndogo kuliko wenzake, muuzaji alishachomoa kijiti kimoja. Kila tukicheza, saa ya kwanza safi, saa ya pili majeshi yakijaa ramani nzima inaanza kutambaa, kwenye mashine zote, hata ile kali ya kusimama.

Sababu yake ni hii, na ukiielewa utaokoa hela nyingi. Gemu za namna hii hazitumiani picha ya kila askari kwenye waya. Kila kompyuta inaendesha vita vyote yenyewe, na kinachotumwa ni amri tu: fulani kabofya hapa, fulani kajenga pale. Ili vita viwe vile vile kwa wote, hakuna mashine inayoruhusiwa kutangulia. Ni kama kuvuta nyavu pale Mikindani, mmoja akilegea wote mnasimama mnamsubiri. Kwa hiyo ile iliyochomolewa ramu ndiyo iliyokuwa inatembeza gemu ya watu wote. Dawa yake haikuwa kununua kitu kipya. Tuligawana ramu zikawa sawa, tukachagua ramani ndogo, na kikomo cha askari na raia wa kila mchezaji tukakiweka 75 badala ya 200. Tangu hapo mpaka usiku wa manane haikwami.

Counter-Strike 1.6, gemu ya kupigana risasi, iko tofauti kidogo. Pale kuna mashine moja ndiyo seva, wengine wanaungana nayo, kwa hiyo mwenye mashine dhaifu anateseka peke yake na wenzake wanaendelea. Alimradi seva isiwe kwake! Seva weka kwenye ile nzuri. Na jambo ambalo hakuna aliyekwambia: matoleo ya zamani ya gemu hiyo yana chaguo la Software kwenye mipangilio ya video, inachora kwa prosesa bila kuhitaji kadi yoyote ya maana. Weka 640 kwa 480, Pentium 4 inakimbia. Unaona sasa kwamba swali lako la kadi ngapi lilikuwa la mwisho kuulizwa? Kwa gemu hizi mbili jibu ni sifuri.

Windows piga XP. Sibishani na aliyekwambia 7, kwa kazi nyingine sawa. Ila Red Alert 2, ambayo najua washkaji wataidai, inaungana kwa itifaki ya zamani iitwayo IPX, na Microsoft waliiondoa kuanzia Vista. Kwenye XP unaiongeza kwenye mipangilio ya mtandao, inaitwa NWLink, dakika mbili. Kwenye 7 utahangaika kutafuta viraka. Na faiwoli ya XP (ulinzi unaozuia mashine nyingine kuungana nayo) kuanzia Service Pack 2 inakuja ikiwa imewashwa, ndiyo maana watu wanaona majina ya wenzao hayatokei kwenye orodha wanadhani waya mbovu. Hizo mashine usiziunganishe na intaneti, Microsoft waliacha kuihudumia XP tangu Aprili 2014.

Umeme. Geuza sipiyu, angalia nyuma karibu na pa kuchomeka waya, mara nyingi kuna kiswichi chekundu kilichoandikwa volti 115 na 230. Mitumba kutoka Marekani mara nyingi hufika ikiwa kwenye 115. Ukichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa 230, utasikia mlio mmoja na harufu, umemaliza. Hiyo ni kabla hata ya habari ya gemu. Na wewe uko bara, sisi huku chumvi ya bahari inakula miguu ya ramu, mashine ikiwaka bila picha tunachomoa kijiti tunasugua kwa ufutio, inarudi.

Sasa nikwambie ambacho ningefanya na hiyo hela yako kama ningekuwa Nachingwea. Ningeanza na mashine MOJA nzima, monita kubwa kidogo, na gemu za kucheza wengi kwenye skrini moja. Worms Armageddon ya 1999: timu mpaka sita, mnapokezana zamu kwenye kibodi hiyo hiyo, anayesubiri zamu anakula ming'oko yake na kumzomea mwenzake. Kelele za gemu hiyo hazijapata kushindwa na gemu yoyote yenye helikopta. Liero ya 1998, watu wawili kibodi moja, mnachimbiana ardhini mnapigana risasi, inakwenda hata kwenye kompyuta ambayo mtu ameitupa.

Ila kibodi ya kushirikiana watu wawili ipime kabla hujalipa. Kibodi nyingi za bei rahisi zikibonyezwa vitufe vitatu vinne kwa pamoja, kimoja kinamezwa. Mtu anaruka na kupiga, mwenzake anakimbia, ghafla mmoja haendi, ugomvi unaanza: "umenibana!" Hajabanwa na mtu, kibodi haikupeleka habari. Fungua Notepad, bonyeza herufi zile mtakazotumia zote kwa mara moja, hesabu zilizotokea. Vitufe vya Shift na Ctrl kwa kawaida vina njia zao, kwa hiyo wape kazi ya kupiga risasi. Lakini Shift ukiigonga mara tano mfululizo Windows inakurushia kidirisha cha Sticky Keys katikati ya pambano, kizime mapema kwenye mipangilio.

Mkishazoeana, mkajua mko wangapi kweli wanaokuja kila jioni, hapo ndipo uongeze ya pili, na ya tatu, zifanane na ya kwanza. Zifanane, nasisitiza: prosesa ile ile, ramu ile ile, mazabodi ile ile. Mashine nne za wastani zilizo sawa zinacheza. Tatu kali na moja mbovu, una mashine nne mbovu.

Huyo jamaa wa Dar mwambie afungue kila kasha apige picha ndani, maandishi ya mazabodi yasomeke. Halafu aziwashe moja moja, abofye Start, Run, aandike dxdiag, apige picha ukurasa wa kwanza unaoonyesha prosesa na ramu, na ule wa Display unaoonyesha jina la chipu ya grafiksi. Mashine nne, picha zake zote, kabla ya shilingi kutoka. Ni kazi ya nusu saa, na kama zipo kweli hana sababu ya kukataa. Ukizipata zibandike kwenye uzi huu, nitazisoma moja moja na nitakwambia ipi ndiyo mbovu yenu.