Mkataba wenye tarehe: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Safu ya mwezi uliopita, iliyoeleza jinsi wafanyakazi wa viwanda vya magari nchini Marekani walivyovutana na waajiri wao mwaka 2023, imeniletea maswali mengi kuliko nilivyotarajia, na waulizaji wengi hawana hata baiskeli. Maswali yametoka bandarini, kwenye maghala na viwanda vya kubangua korosho, na moja limetoka shambani. Nimechagua saba. Waulizaji sitawataja kwa majina, kwa kuwa baadhi yao wamo kazini na mabosi wao pia husoma.

Shikamoo mzee. Hao waligomaje hata kampuni tatu zikakubali karibu kwa mpigo? Hapa kwetu mgomo ukianza asubuhi, adhuhuri watu wamesharudi kazini. (Kijana wa Shangani, Mtwara)

Marahaba. Kwanza elewa kwamba hawakugoma wote. Chama chao, United Auto Workers, au UAW kwa kifupi, kilikuwa na wanachama karibu 150,000 katika kampuni za Ford, General Motors na Stellantis, na mikataba ya hali bora ya kampuni zote tatu, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, ilikuwa inaisha usiku mmoja, tarehe 14 Septemba 2023. Saa sita usiku ilipofika bila makubaliano, chama kiliwatoa nje wafanyakazi wa viwanda vitatu tu, kimoja kwa kila kampuni: Wentzville katika jimbo la Missouri, Wayne katika jimbo la Michigan, na Toledo katika jimbo la Ohio. Hao walikuwa kama 13,000. Wengine wote waliendelea na zamu zao huku wakisubiri kuitwa, na kila baada ya siku kadhaa rais wa chama, Shawn Fain, alijitokeza mubashara mtandaoni kueleza ni kampuni gani imesogea na ipi imekaza. Iliyokaza iliongezewa mahali pengine pa kugomewa.

Jiweke kwenye kiti cha meneja asiyejua kesho kitazimwa kiwanda gani, na hajui aagize vipuri au aache. Tarehe 11 Oktoba, Ford iliporudi mezani bila kuongeza kitu cha maana, chama kilizima kiwanda chake cha malori cha Louisville, Kentucky, chenye wafanyakazi 8,700, ambacho ndicho kilichokuwa kikiiingizia kampuni fedha nyingi kuliko vingine vyote. Wiki mbili baadaye Ford ikawa ya kwanza kukubali, tarehe 25 Oktoba. Stellantis ikafuata tarehe 28 na General Motors tarehe 30.

Walichopata ni nyongeza ya asilimia 25 itakayokamilika mwaka 2028, ambapo asilimia 11 ililipwa mwanzoni kabisa, pamoja na kurejeshewa nyongeza inayofuata mfumuko wa bei, waliyoipata kwa mara ya kwanza General Motors mwaka 1948 na kuiachia mwaka 2009 kampuni hiyo ilipofilisika. Muda wa mfanyakazi mpya kufikia ujira wa juu ulishuka kutoka miaka minane hadi mitatu. Walikuwa wameomba asilimia 40, na wiki ya saa 32 za kazi kwa malipo ya saa 40. Hiyo ya saa 32 waliondoka bila kuipata.

Mimi nauza chakula karibu na lango la bandari. Swali langu ni moja tu: hao watu walikula nini wiki sita zote hizo? (Mama ntilie, Mtwara)

Mama, swali hili wanaume kumi walioniandikia hawakulifikiria, nalo ndilo linaloamua mgomo utadumu siku ngapi. UAW ilikuwa na mfuko wa mgomo wenye zaidi ya dola milioni 800, na kila aliyegoma alilipwa dola 500 kwa wiki. Fedha hizo hazikutoka kwa mfadhili: kila mwanachama alikuwa akikatwa kila mwezi ujira wa saa mbili na nusu za kazi, na sehemu ya makato hayo iliingia kwenye mfuko. Sasa utaona kwa nini chama kiligoma kwa mafungu. Kama watu wote 150,000 wangetoka siku ya kwanza, mfuko ungepungua kwa kasi kubwa zaidi.

Kwetu, sheria inamwondolea mwajiri wajibu wa kulipa mshahara wa siku za mgomo, hata mgomo ukiwa halali. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja kwamba kitu cha kwanza kinachojaa siku ya pili ya mgomo ni daftari la madeni la mama ntilie, na daftari hilo lina ukurasa wa mwisho.

Mimi ni mkulima wa Tandahimba. Nasikia viongozi wa chama wakishakubaliana na kampuni, wafanyakazi hupiga kura tena. Kura ya nini, na jambo limekwisha?

Halijakwisha, na wewe unalijua jambo hili kuliko wengi wanaofanya kazi viwandani. Mnadani, bei ya mnunuzi wa juu inaposomwa, iwe kwa barua zilizofungwa kama ilivyokuwa zamani au kwa mfumo wa kielektroniki wa siku hizi, korosho haziuzwi mpaka wenye mali waulizwe kama wameridhika. Oktoba 2018 wakulima wa Mtwara walizikataa bei zilizoletwa, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kiongozi wa chama kikuu cha ushirika angeuza usiku kwa bei iliyokataliwa mchana, unajua mwenyewe yangemkuta yapi.

Ndivyo ilivyo kwa UAW. Viongozi hurudi na rasimu, na wanachama hupiga kura ya kuikubali au kuikataa. Ford na Stellantis rasimu ilipita kwa karibu asilimia 69. General Motors ilipenya kwa asilimia 55 tu, na kiwanda kikubwa cha kuunganisha malori cha Flint kiliikataa. Nasisitiza Flint kwa sababu ni katika mji huo ambapo wafanyakazi walikaa ndani ya viwanda vya General Motors kwa siku 44, kuanzia tarehe 30 Desemba 1936, mpaka kampuni ikakubali kukitambua chama chao. Wajukuu wa wagomaji hao walikikatalia chama hichohicho mkataba, na chama kikahesabu kura zao kama za wengine.

Je, sisi tunaweza kufanya kama wao? (Mfanyakazi wa kiwanda, Lindi)

Baadhi ya mambo mnaweza, baadhi hamwezi, na kuna moja ambalo sheria yetu inawapa ninyi na wao hawana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema kwamba chama kilichosajiliwa chenye wanachama wengi zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika kundi husika kina haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa kundi hilo katika majadiliano. Chama humpelekea mwajiri notisi, naye anatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30. Akigoma kukutana, au wakishindwana, suala hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na likishindikana huko huenda Mahakama ya Kazi. Hakikisheni fomu za uanachama zimejazwa na kuhesabiwa kabla ya kuandika notisi. Nimewaona viongozi wa matawi wakienda mezani na mioyo tu, wakaulizwa idadi, wakaanza kutazamana.

Mkishatambuliwa na majadiliano yakakwama juu ya maslahi, kama vile nyongeza ya mshahara, mgogoro unapelekwa kwanza Tume kwa usuluhishi wa siku 30. Usuluhishi usipozaa kitu, chama kinaitisha kura kwa mujibu wa katiba yake, wengi wa waliopiga wakikubali kinampa mwajiri notisi ya saa 48, na hapo ndipo mgomo unakuwa halali na mfanyakazi hafukuzwi kazi kwa kushiriki. Walio katika huduma kama umeme, maji, afya na zimamoto wana masharti yao, yaliyo makali zaidi.

Sasa angalieni tofauti. Mmarekani anaruhusiwa kusimama langoni na bango. Rais Joe Biden mwenyewe alisimama nao huko Michigan tarehe 26 Septemba 2023, jambo ambalo hakuna rais wa nchi hiyo aliyekuwa amelifanya akiwa madarakani. Sheria yetu inakataza kusimama langoni kwa namna hiyo. Lakini sheria yetu inamkataza pia mwajiri kuleta watu wengine wafanye kazi za walio kwenye mgomo halali, na hapo Mmarekani ndiye anayewaonea wivu, kwa kuwa kwao mwajiri anaweza kuajiri mbadala mgomo ukiwa wa maslahi, na mgomaji akarudi akute nafasi yake ina mtu.

Sisi ni vibarua. Wenye ajira wanapojadiliana, sisi hatuitwi. Wenzetu huko nao wana vibarua? (Bandarini, Mtwara)

Wanao, na ndilo donda lililowauma kuliko mengine mwaka 2023. Mwaka 2007, kampuni zilipolia hali ngumu, chama kilikubali kwamba wafanyakazi wapya waanze kwa ujira wa karibu nusu ya ule wa wazee, yaani kama dola 14 kwa saa wakati aliyesimama pembeni yake, akifunga boliti zilezile, alilipwa dola 28. Waliokubali walilinda mishahara yao wenyewe, ndiyo, lakini walikuwa wameingiza kiwandani kundi la watu lisilo na sababu ya kukipenda chama, na kundi hilo liliongezeka kila mwaka wazee walipostaafu. Mwaka 2023 madaraja mengi ya namna hiyo yalifutwa, na Ford ikakubali kwamba wa muda asisubiri zaidi ya miezi tisa kupewa ajira ya kudumu.

Kwenu ninyi nasema hivi: kwa sheria yetu, mkataba wa hali bora ukisainiwa na chama kinachotambuliwa unamfunga mwajiri hata kwa wasio wanachama, mradi wamo katika kundi lililotajwa. Kwa hiyo ulizeni mapema kundi limeelezwaje, na kama neno lililoandikwa ni «wafanyakazi wa kudumu», semeni siku hiyohiyo.

Magari yatapanda bei hapa? (Dereva, Nachingwea)

Kwa sababu ya mgomo huo wa Marekani, hapana. Gari lako, kama ni la kawaida ya huku, lilitoka Japani likiwa limetumika, na wafanyakazi waliolitengeneza hujadili mishahara kila majira ya kuchipua kwa utaratibu walionao tangu mwaka 1955, ambapo vyama vya kampuni kubwa hupeleka madai kwa pamoja na kwa kawaida humaliza bila mgomo. Kupanda kwa dola na kodi ndivyo vitakavyokugusa.

Mwajiri wetu kila tukitaja mshahara anasema atafunga kiwanda. Na swali la pili: mkataba wao umeandikwa kuisha tarehe 30 Aprili 2028, kwa nini tarehe hiyo? (Katibu wa tawi, Masasi)

Kitisho cha kufunga si mara zote ni uongo. Septemba 2024 kampuni ya magari ya Volkswagen ilivunja makubaliano ya kulinda ajira yaliyokuwapo tangu mwaka 1994, ikaonya kwamba huenda ikafunga viwanda nchini Ujerumani kwenyewe. Chama cha wafanyakazi cha IG Metall kiliitisha migomo ya saa chache, na tarehe 20 Desemba wakafikia muafaka: viwanda havikufungwa papo hapo, hakuna anayefukuzwa kwa nguvu, lakini ajira zaidi ya 35,000 zitapunguzwa hadi mwaka 2030, na nyongeza ya mshahara ikaahirishwa. IG Metall ina bahati moja ambayo ninyi hamna, kwani nusu ya viti vya bodi ya usimamizi ya Volkswagen ni vya upande wa wafanyakazi, hivyo huona hesabu za kampuni kabla ya kutishwa nazo. Ninyi ziombeni mezani. Sheria inamtaka mwajiri ajadiliane kwa nia njema, na anayedai hana fedha ana haja ya kuonyesha kwamba hana.

Ama tarehe: siku inayofuata ni Mei Mosi. UAW imeviomba vyama vingine vipange mikataba yao iishe siku hiyohiyo, ili mwaka 2028 waajiri wengi wakutwe mezani kwa pamoja.

Niliwahi kuwa katibu wa tawi katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho cha mkoa huu. Mkataba wetu wa kwanza ulikuwa na kurasa kumi na moja, tukausoma kwa zamu chini ya mwembe, mmoja akisoma na wengine wakishika viganja vyenye madoa meusi ya mafuta ya korosho wasiuchafue. Tulisaini tukashangilia. Miaka miwili baadaye, tulipotaka kufungua majadiliano mapya, meneja aliufunua ukurasa wa kumi, akaweka kidole penye kifungu cha muda wa mkataba: «Utaisha tarehe», kisha nukta nyingi, kisha hakuna kitu. Sote tulikuwa tumeziruka zile nukta. Kwa kuwa mkataba haukuwa na mwisho, ilitubidi tutoe notisi ya kuuvunja, na miezi mitano ikapotea tukibishana kama notisi ilikuwa ya muda wa kutosha, huku msimu wa korosho ukipita na mshahara ukiwa uleule. Fungua wako leo, utazame kifungu hicho kabla ya kingine chochote.