Usihame kwanza mkuu, sikia yaliyotukuta Mbagala

Pole mkuu. Unasema nyumba ya tatu kutoka kwako imevunjwa na wezi, mama watoto halali na anataka mhame. Nilishafika hapo.

Tarehe 2 Januari 2015 nilikuwa Magomeni zilipovuma habari kwamba Panya Road, lile kundi la vijana wahalifu wa Dar es Salaam, wanakuja kulipiza kisasi cha mwenzao. Maduka yakafungwa, watu wakakimbia viatu mkononi, nami nikalala kwa shemeji. Vijana wale walikuwepo na waliumiza watu, sikatai. Ila siku ile mimi sikumwona hata mmoja. Niliona watu wanakimbia kwa kuwa wenzao wanakimbia.

Zamu yangu ilifika baadaye, nyumbani Mbagala: wezi wakakata nyavu za dirisha, wakabeba tivii na mtungi wa gesi. Miezi mitatu, paka akiruka juu ya bati naamka na panga.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao, tukaanza ulinzi shirikishi. Kila nyumba ikachanga, kila mwanaume akapangiwa zamu, filimbi na daftari vikakaa kwa mjumbe. Niliona upuuzi, mzee wa miaka 60 na rungu atamzuia nani? Lakini ni kwenye zamu nilipojua kumbe yule anayepita saa nane usiku ni mchoma mikate, na ile pikipiki inayonguruma kabla ya alfajiri inampeleka mama ntilie sokoni. Sauti nyingi zilizokuwa zikiniamsha zikapata wenyewe, nikaanza kulala.

Tulikosea pia, tena vibaya. Usiku mmoja mtu akapiga yowe la "mwizi!", kijana akala marungu kabla mama mmoja hajamtambua: mpangaji mgeni, wiki yake ya pili mtaani. Nami nilikuwepo, rungu mkononi. Tangu hapo aliyekamatwa anakalishwa kwa mjumbe mpaka polisi waje, haguswi. Na mwenye nyumba akipata mpangaji anamtambulisha siku hiyo hiyo.

Angalieni na pesa. Yetu ililiwa na mweka hazina, doria ikafa, mpaka mama mmoja wa vikoba alipokabidhiwa daftari.

Kikaoni nenda na mama watoto. Kwetu sisi wanaume tulibishana kuhusu marungu. Wanawake ndio waliotaja uchochoro gani una giza na nani aweke taa nje. Ya kwangu ilikuwa ya pili kuwashwa.