Silaha mpya hujaribiwa na nani? Majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua za wiki hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: jeshi linajuaje kwamba zana mpya itafaa kabla ya kumkabidhi askari? Nawajibu mmoja mmoja.

Swali: Kiwanda kimeshaijaribu silaha yake na imefaulu. Kwa nini jeshi lirudie na kutumia fedha mara mbili? (Msomaji, Masasi)

Jibu: Kwa sababu kila mmoja anapima kitu chake. Kiwanda kinaangalia kama kifaa kinatimiza yaliyomo kwenye mkataba. Wanaokishika ni mafundi, kifaa ni kisafi, na siku imechaguliwa. Jeshi linatakiwa kuangalia kama askari wa kawaida, amelowa, hajalala, usiku wa manane, ataweza kumaliza kazi aliyotumwa akiwa na kifaa hicho.

Angalia torpido (kombora linalosafiri chini ya maji kuilenga meli) ya Marekani iliyoitwa Mark 14. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ilionekana ghali mno kuilipua kwa majaribio, basi wakaingia nayo vitani hivyo hivyo. Kumbe ilikuwa inapita takriban mita 3 chini ya kina ilichopangiwa, na kiwashio chake cha sumaku, cha kuilipua ikipita chini ya meli, hakikuaminika. Julai 1943 nyambizi ya Marekani, Tinosa, iliikuta meli kubwa ya mafuta ya Wajapani, ikaisimamisha, kisha ikaipiga kwa utulivu torpido moja baada ya nyingine. Ziligonga ubavu bila kulipuka. Nahodha akabakiza moja ili irudi bandarini ikachunguzwe. Huko Hawaii wakaangusha vichwa vya torpido kwa kreni juu ya bamba la chuma, wakagundua kwamba pigo lililonyooka ndilo lililoponda kiwashio kingine, kile cha kulipua torpido inapogonga. La mshazari lilikiacha kifanye kazi. Yaani mlengaji hodari ndiye aliyeponzwa! Kreni na bamba la chuma vilikuwepo miaka yote ya amani. Mabaharia walihatarisha maisha kwa jambo ambalo lingejulikana bandarini.

Swali: Mwanangu ni askari. Nasikia bunduki mpya zinaweza kukwama vitani. Hilo haligunduliki mapema? (Mama, Mikindani)

Jibu: Shikamoo mama. Hugundulika, iwapo kilichojaribiwa ndicho kinachogawiwa. Bunduki ya M16 ilipopelekwa Vietnam miaka ya 1960, baruti ya risasi zake ilikuwa imebadilishwa, chemba, yaani sehemu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, haikupakwa kromiamu ya kuzuia kutu, na askari wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia. Ikawa inakwama katikati ya mapambano, na mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ikafanya uchunguzi. Mimi nashikilia hivi: ukibadilisha baruti, una bunduki nyingine mkononi, nayo ianze majaribio upya.

Swali: Zana iliyofaulu Ulaya inahitaji kujaribiwa tena huku kwetu? (Msomaji, Nachingwea)

Jibu: Ndugu yangu, wa Nachingwea hahitaji kusimuliwa Mpango wa Karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka mapori ya Tanganyika, Nachingwea ikiwemo, ili kulima karanga kwa mitambo mizito, mingine imeundwa kutokana na vifaru vya Sherman, bila kwanza kujaribu udongo na mvua kwa eneo dogo. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Haikuwa kazi ya jeshi, lakini kosa ni lile lile. Pwani yetu ina joto, na hewa ya chumvi inayokula nyaya na bolti. Bara kuna vumbi la kiangazi na matope ya mwanzo wa mwaka. Kazi nazo hubadilika: mwishoni mwa 2018 malori ya JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) yalipewa jukumu la kusomba korosho. Lori la jeshi lipimwe pia likiwa na shehena ya magunia kwenye njia za vijijini.

Swali: Nani ana ubavu wa kusema zana haifai wakati fedha zimeshatoka? (Msomaji, Lindi mjini)

Jibu: Asiwe mtengenezaji, wala ofisa ambaye cheo chake kinategemea mradi huo. Mwaka 1983 Bunge la Marekani liliunda ofisi maalumu ya majaribio haya, inayoripoti kwa Waziri wa Ulinzi na kwa Bunge lenyewe. Agosti 1985 Waziri Caspar Weinberger aliufuta mtambo wa kutungulia ndege wa Sergeant York baada ya majaribio ya uwanjani, ingawa karibu dola bilioni 1.8 zilikuwa zimeshatumika. Uamuzi mchungu, ila sahihi.

Swali: Nasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), kidato cha sita. Natamani kazi hiyo. Nisome nini chuoni? (Mwanafunzi, Mtwara)

Jibu: Uhandisi, na takwimu usiiache, kwa sababu kazi kubwa ni kuchagua hali za kujaribia. Februari 1991 mtambo wa Marekani wa kutungulia makombora, Patriot, kule Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Hitilafu ndogo katika hesabu ya muda ilizidi kukua kadiri saa zilivyopita, mtambo ukatafuta kombora la Scud la Iraki pasipo mahali pake, na askari 28 wa Marekani wakafa. Kwa hiyo ukipewa mtambo wowote mpya, anza kwa kuuliza watumiaji wanatarajia kuuacha umewashwa kwa saa ngapi, kisha uuwashe kwa muda mrefu kuliko huo.