Usukani wa skuta hauchomelewi! Ndugu wa Kisauni, usiende kwa fundi Jumamosi

Ndugu wa Kisauni, simama hapo hapo. Umesema usukani wa skuta yako ya stima umekatika pale unapokunjwa, na fundi wa mageti amekubali kukuchomelea Jumamosi kwa shilingi 700. Ukauliza mambo manne: kama bei hiyo ni nzuri, kama utie kipande cha bomba la chuma kwa ndani kwanza, kama nyaya zinazopita mle zitaungua, na kama taa ya mbele inaweza kuhamishwa. Mimi nina jibu moja. Usichomelee. Nunua bomba jipya la usukani, zima, pamoja na mkunjo wake. Nimesoma swali lako mara mbili na chai imenipolea mkononi, kwa sababu maneno uliyoambiwa na huyo fundi ni yale yale niliyoambiwa mimi mwaka jana, na mkono wangu wa kushoto ndio ulionifunza.

Yangu ilianza kwa sauti. Kila nikishika breki, pale chini kwenye mkunjo panalia "tak". Nikakaza bolti, sauti ikanyamaza siku mbili, ikarudi. Nikaizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia nyumbani kwake. Asubuhi moja huku kwetu Tudor, Mombasa, nimesimama tu, mguu mmoja chini, nikauvuta usukani kuja kwangu ukanijia wote. Nyaya ndizo zilizouzuia usianguke.

Laiti ningeelewa nilichokiona pale palipokatika. Nusu ya mkato ilikuwa nyeusi na laini, imekolea kama kitako cha sufuria ya chai. Nusu ya pili ilikuwa nyeupe, inameta, chembechembe kama chumvi ya mawe. Ile nyeusi ni ufa wa zamani, umeingiwa na vumbi na grisi na hii hewa yetu ya bahari kwa miezi. Ile nyeupe ndiyo iliyokatika asubuhi ile. Yaani ile "tak" ilikuwa ni ufa unafunguka na kufunga, na mimi nilikuwa nateremka Moi Avenue nimeshikilia nusu ya bomba. Nenda kaitazame yako sasa hivi kwa tochi ya simu. Ukiona rangi mbili, jua hiyo haikuvunjika kwa bahati mbaya ya siku moja. Imechoka. Na alumini iliyochoka mahali pamoja huwezi kujua imechoka wapi pengine.

Basi nikaibeba begani mpaka kwa fundi. Akaigeuzageuza, akasema, "Hii kazi ya nusu saa, kaka. Nikimaliza itakuwa ngumu kuliko ilivyotoka kiwandani." Siku moja kabla, kijana mmoja mtandaoni alikuwa ameniandikia kwa uhakika kabisa kwamba chuma ni chuma, chomelea. Maneno hayo mpaka leo yakinijia usiku nakaa kitako. Si chuma! Chukua sumaku, hata ile ya mlango wa friji, uiweke kwenye hilo bomba. Kwenye geti itanasa. Kwenye usukani wako, kama ni kama wangu, itateleza ianguke, kwa sababu ni alumini.

Simkatai fundi kwa kazi yake. Mageti yake yamesimama, mikokoteni aliyoiunga inabeba mitungi ya maji mjini kila siku. Lakini chuma cha geti kikipata moto kinakuwa chekundu kabla hakijayeyuka, fundi anakiona na mkono wake unajua. Alumini haimwonyeshi rangi yoyote. Ikifika nyuzi joto 600 na kidogo inaporomoka ghafla. Na juu yake ina utando wa oksidi, ganda jembamba linalojifanya lenyewe alumini ikikutana na hewa, usioyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 2000. Kwa hivyo ndani kumekuwa uji na juu utando bado upo, vinavurugika pamoja, na mshono unajaa vitundu kama mkate wa kumimina. Wa kumimina unaliwa. Huu unaubebea roho yako.

Fundi alipomaliza akaupitisha grainda, ile mashine ya kusagia chuma, mpaka mshono ukalingana, akapuliza rangi nyeusi. Ulipendeza, wallahi. Nikampa shilingi 800 na soda baridi. Na rangi ile ndiyo ninayomlaumu kuliko hata mshono, kwa sababu ilinifunika macho. Ufa mpya ulikuwa unatambaa chini yake na mimi kila asubuhi naupangusa kwa kitambaa.

Siku tisa. Siku ya tisa jioni nilikuwa barabara ya Mama Ngina, upande wa baharini, upepo mzuri, watu wanakula mihogo ya kukaanga. Kuna tuta. Nikalipanda polepole, na asije mtu hapa kuniambia nilikuwa nakimbia, mwendo ule hata mkokoteni wa maji ungeniomba njia. Gurudumu la mbele liliposhuka nikahisi mikono yangu miwili inakwenda mbele peke yake. Usukani ulikuwa mikononi mwangu na skuta ilikuwa nyuma yangu. Ukiharibikiwa na kitu kingine, mnyororo, tairi, betri, mara nyingi skuta inasimama tu. Ukikatikiwa na usukani huna breki, huna pa kujishikilia, na uso ndio unaotangulia. Niliweka mkono. Kifundo cha mkono kilivunjika mahali pawili. Muuza madafu mmoja alitupa panga chini akakimbia kunitoa barabarani, akarudi tena kuiondoa skuta kabla matatu haijaikanyaga. Sijui nimlipe nini mtu yule. Plasta wiki sita, hospitali ikala shilingi elfu 41, na wiki nne sikufungua duka. Zipime hizo na 800.

Sasa tazama kwa nini ni pale tu. Kutoka kwenye mkunjo mpaka mikono yako ni kama mita moja. Bomba lenyewe lina upana wa sentimita nne hivi. Ukisukuma kule juu kwa nguvu ya kilo 20 tu, jambo ambalo kila shimo la barabara linakulazimisha kulifanya, kule chini upande mmoja wa bomba unavutwa na mwingine unabanwa kwa nguvu inayokaribia nusu tani. Hesabu ya haraka, lakini inatosha kukuonyesha. Na hiyo inarudiwa mara elfu kwa elfu. Chuma kina kiwango ambacho ukikaa chini yake kinavumilia miaka na miaka. Alumini haina kiwango hicho, kila mtikiso inaukumbuka.

Najua atatokea wa kusema, basi nenda kwa mafundi wa meli, wana mashine za gesi ya agoni, inayozuia hewa isiguse mshono, wanachomelea alumini safi. Ni kweli mshono utakuwa safi zaidi. Lakini alumini ya aina kama ile iitwayo 6061, inayotumika sana kwenye baiskeli na skuta, ugumu wake unapikwa: inapashwa mpaka karibu nyuzi 530, inazamishwa majini, kisha inarudishwa kwenye joto la nyuzi 170 hivi kwa saa nyingi. Moto wa kuchomelea unafuta mapishi yote hayo pembeni mwa mshono, na nguvu ya pale inashuka mpaka karibu nusu, wakati mwingine chini yake. Mshono wangu haukukatika. Ulikatika ukingo wake, milimita chache pembeni, mviringo kama uliokatwa kwa uzi. Ili uirudishe upya unahitaji tanuri la bomba zima. Nani anakufanyia hilo kwa shilingi 700?

Na kama unadhani natia chumvi, Xiaomi, watengenezaji wa skuta, wenyewe mwezi wa Juni 2019 walitangaza kuziita zirudishwe kwao skuta 10,257 za aina ya M365, nyingi ziliuzwa Uingereza, kwa sababu ya skrubu moja ya mkunjo iliyoweza kulegea na bomba la usukani likavunjika ukiwa juu yake. Segway, watengenezaji wengine, walifanya vivyo hivyo Machi 2025 huko Marekani, skuta kama laki mbili na elfu 20 za aina ya Ninebot Max, mkunjo unaachia. Walikuwa wamepata ripoti 68, watu 20 wameumia, wengine wamevunjika mifupa. Hizo ni skuta zilizotoka kiwandani nzima. Yako imeshakatika.

Hilo bomba la chuma la kutia ndani pia liache. Litahitaji kutobolewa matundu ya bolti, na kila tundu ni mahali papya pa ufa kuanzia. Tena chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye chumvi hii ya Mombasa vinalana. Utafungua baada ya miezi sita ukute unga mweupe.

Bomba jipya mimi nililiagiza Nairobi, likaja kwa basi la usiku, nikalichukua Mwembe Tayari asubuhi. Shilingi 6,800 na nauli ya mzigo. Muuzaji mtumie picha ya mkunjo kutoka pande mbili, upana wa bomba uliopimwa kwa kalipa (kile chombo cha kubana na kupimia unene), na namba iliyo chini ya ubao wa kusimamia, usimtajie jina la skuta peke yake kwa sababu zipo za kuigiza zinazofanana kabisa na matundu hayalingani. Kulifunga si kazi kubwa: chomoa betri kwanza, piga picha waya zote kabla ya kuzigusa, bolti zote zitie ile gundi ya buluu ya kuzuia zisilegee, kisha zikaze kwa zamu kidogo kidogo. Baada ya siku tatu zikague kama hazijalegea. Mimi sasa kila Ijumaa baada ya swala nashika breki ya mbele, nausukuma usukani mbele na nyuma, natega sikio pale kwenye mkunjo. Ikilia tu, sipandi.

Mpigie fundi simu leo, mwambie kazi haipo tena. Kisha piga picha ya pale palipokatika, karibu, kwa mwanga mzuri, uiweke hapa tuone rangi mbili zipo au hazipo. Na hiyo sumaku, niambie imenasa au imeanguka.