Mwalimu Zinja, au Jinsi Nilivyoliharibu Somo la Asili ya Binadamu

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, nafundisha Baiolojia kidato cha nne. Juzi nimeanza mada ya mageuko ya viumbe (evolution), jana asubuhi mzazi kaja na Biblia mkononi. Mkuu wa shule kaniambia niiruke tu hiyo mada. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ulinikuta nasahihisha, nikaweka kalamu chini. Nilianza kukujibu kwa mistari miwili, ikawa kurasa tatu, na zote tatu nilikuwa najizungumzia mwenyewe. Basi naziweka hapa, maana walimu wanaoniuliza swali hili ni wengi.

La kuruka mada halina mjadala. Usiruke. Siku ya mtihani wa taifa yule mzazi hatakuwepo kumsaidia mwanawe kujibu. Kazi iko kwenye namna ya kuifundisha, na hapo ndipo mimi nilipoanguka vibaya.

Mwaka 2007 nilipangiwa shule moja ya kata, mbali na lami. Nilikuwa na miaka 24, nimetoka chuoni na nadharia ya Darwin ya mageuko kichwani, nikajiona nimetumwa kuwatoa watu gizani. Nilipewa Baiolojia, na kwa kuwa walimu hawakutosha nikaongezewa Historia ya kidato cha kwanza. Asili ya binadamu nikawa naifundisha mlango wa mbele na mlango wa nyuma.

Siku ya kwanza ya mada kidato cha nne nilibandika manila ubaoni. Unaijua ile picha: kiumbe mwenye manyoya aliyeinama upande wa kushoto, halafu wanainuka mmoja mmoja mpaka mtu mwenye mkuki upande wa kulia. Sijamaliza hata kueleza, kijana mmoja wa dawati la nyuma akasimama. "Mwalimu, kwa hiyo babu yako alikuwa nyani?"

Darasa likacheka. Mimi nikaona nimeshushwa, nikajibu: "Wangu sijui. Ila wako, nikikutazama wewe, naona safari hakuimaliza."

Darasa likalipuka. Nilijisikia mshindi kwa kama dakika tano hivi. Kengele ilipolia monita akanifuata ofisini, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule kijana amelelewa na babu yake tangu ana miaka miwili, na huyo babu wamemzika wiki tatu zilizopita.

Kijana hakuja shule siku tisa. Siku ya kumi alikuja mjomba wake. Mwezi uliofuata nilisimamishwa mbele ya mkutano wa wazazi, chini ya mwembe, niombe radhi. Niliomba, na nilistahili kuomba. Kwa mtoto yule ningepiga hata magoti. Lakini mkuu wangu hakuishia hapo. Aliwaambia wazazi kwamba "mwalimu huyu ameleta mambo ya ajabu shuleni," wakati mada ile imo kwenye muhtasari wa somo, na maazimio yangu ya kazi alikuwa ameyasaini yeye mwenyewe mwezi Januari. Hakuna mwalimu mwenzangu aliyefungua mdomo. Wengine niliwapa lifti ya baiskeli kila mwisho wa mwezi kwenda kufuata mshahara. Miaka imepita, na bado nikilikumbuka koo linakauka.

Jina nalo nikapata. Kidato cha kwanza nilikuwa nimewasimulia habari za Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959, la miaka kama milioni 1.75. Nikawaeleza kwamba jina limetokana na Zinj, jina la zamani la pwani yetu, lilelile lililomo ndani ya Zanzibar. Wakanishukuru kwa kuniita Zinja. Lilifika mpaka sokoni. Muuza nyanya ananiita, "Zinja, leo fungu ni mia mbili!"

Miaka miwili iliyofuata mada hiyo nilikuwa naandika notisi ubaoni, wananakili, natoka. Hakuna cha kusimulia hapo. Kisha nikahamishwa.

Aliyenifungua macho ni binti wa shule ya pili. Nilikuwa nasoma notisi zangu zilezile, akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo aligeuka mchana au usiku?" Hakuna aliyecheka. Aliuliza kwa dhati kabisa, na nikaona wenzake nao wanasubiri jibu.

Nililala na swali hilo. Katika Kiswahili chetu, nani hugeuka? Mchawi hugeuka fisi. Nyoka wa kwenye hadithi za bibi hugeuka kijana mzuri akaja kuposa. Kugeuka ni kwa mmoja, na kunatokea papo hapo. Sasa mimi nasimama mbele ya watoto nawaambia "mageuko", nao wanamwona mnyama mmoja amelala porini na manyoya yake, kuamka asubuhi yuko uchi anatafuta nguo. Nani angekubali? Hata mimi nisingekubali. Na upande wa pili wa sentensi kuna neno "binadamu", ambalo ni bin Adamu, mwana wa Adamu. Kabla hujataja hoja hata moja ya sayansi, umeshaingia kwenye kitabu cha watu bila kubisha hodi. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, najua, na kwenye mtihani watajibu kwa Kiingereza. Lakini mtoto anakariri kwa Kiingereza, anaelewa kwa Kiswahili, na ugomvi anaufanya nyumbani kwa Kiswahili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na karibu wa pekee: usianze na nyani. Anza na malaria.

Mpe mwanafunzi kazi ya nyumbani: amuulize mama au bibi, wakati wako mdogo mlikuwa mnameza dawa gani ya malaria? Kesho yake darasa linakuwa baraza. Watakuja na klorokwini, na jinsi ilivyokuwa inawasha mwili mzima usiku kucha. Watakuja na Metakelfin na Fansidar. Kisha wao wenyewe watasema mseto. Sasa uliza: kwa nini tulihama? Klorokwini iliachwa nchini mwaka 2001, ikaja SP, yaani kundi la Fansidar na Metakelfin, na SP nayo mwaka 2006 ikapisha dawa mseto. Bei wala kuwashwa havikuwa sababu. Vimelea vilikuwa haviuawi tena.

Hapo chora ubaoni. Ndani ya damu ya watu kuna vimelea mamilioni, na havifanani vyote. Vichache, tangu mwanzo, vina tofauti ndogo inayovifanya vihimili dawa. Dawa inaua vingine, hivyo vichache vinabaki, vinazaana, na watoto wao wanarithi ile tofauti. Baada ya miaka mingi karibu vyote ni uzao wa vilivyobaki. Waulize: ni kimelea gani kiligeuka? Watakaa kimya, halafu mmoja atasema, "Hakuna." Ukilisikia hilo "hakuna", mdogo wangu, nusu ya mada umeimaliza, na hujamtaja hata mnyama mmoja mwenye manyoya. Na mzazi aliyekuja na Biblia ndiye shahidi wako, maana klorokwini aliimeza mwenyewe.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, pia ni mfano mzuri sana: anayepata chembe yake ya urithi kutoka kwa mzazi mmoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti wa huku kwetu Afrika Mashariki. Ila chunguza kwanza kama darasani hakuna mgonjwa. Mimi sikuchunguza. Hilo nitaliandika siku nyingine, leo limenitosha la babu.

Wakishaelewa malaria, ndipo uende kwa sokwe. Na hapa tafadhali tuwe na adabu ya maneno: nyani ni yule mwenye mkia anayeiba mahindi. Wa jamii ya karibu yetu ni sokwe, kama wale wa Gombe. Swali la "mbona sokwe wa leo hawawi watu" litakuja, halijawahi kukosa. Mimi huuliza: wewe na mtoto wa shangazi yako, nani kamzaa mwenzake? Hakuna. Mna babu mmoja. Sisi na sokwe babu huyo aliishi miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita, na hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo.

Sasa nije kwenye siku ninayojivunia kuliko zote. Ilikuwa mwezi Machi, mvua imenyesha, kona moja ya uwanja wa mpira ni tope tupu. Niliwatoa kidato cha nne, nikawaambia vueni viatu, mtembee. Kisha rula na daftari. Pima unyayo, zidisha kwa 100, gawanya kwa 15, utapata kimo cha mwenye mguu kwa kukadiria. Wakapimana. Msichana mmoja mfupi kalalamika kwamba tope limempunja sentimita nne.

Walipokuwa wameinama vile ndipo nikawasimulia Laetoli, kusini mwa Olduvai. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, wakapita viumbe wanaotembea kwa miguu miwili, majivu yakakauka yakawa kama saruji, yakafunikwa na mengine. Timu ya Mary Leakey ikazikuta nyayo zile mwaka 1978, mstari wa kama mita 27, za miaka milioni 3.66. Nyayo ndogo zaidi zina urefu wa kama sentimita 18. "Pigeni hesabu." Wakapiga: sentimita 120. Mtu wa kimo cha mdogo wao wa darasa la pili!

Nikawaambia waangalie kidole gumba kwenye tope lao. Kimenyooka na wenzake. Cha sokwe kimekaa pembeni kama gumba la mkono. Cha Laetoli? Kimenyooka kama chenu. Na ubongo wa viumbe hao ulikuwa kama theluthi moja tu ya wetu. Kijana mmoja kasema, "Kwa hiyo miguu ilitangulia, kichwa kikafuata baadaye." Sikuwahi kusema mimi sentensi hiyo. Nilimwandikia kwenye daftari lake, nikaweka na tarehe.

Matokeo ya Baiolojia mwaka ule yalikuwa mazuri, na siku ya mahafali wakasifiwa watu wengine. Sawa.

Kuhusu imani nitakuambia bila kuzunguka, kwa sababu walimu wengi tunajificha hapo. Usimdhihaki mtoto. Usimwombe aamini, mwombe aweze kueleza. Mimi mwenyewe Jumapili huwa kanisani, na Jumatatu nafundisha Laetoli, wala sijawahi kuulizwa mlangoni. Kijana anayekupinga kwa swali gumu ndiye pekee aliyekuwa anakusikiliza. Ukimpiga kwa kichekesho mbele ya wenzake umepoteza darasa zima, hata kama linacheka.

Kwa mkuu wako nenda na muhtasari wa somo, umfungulie ukurasa, usibishane. Yule mzazi mwite, mpe kiti, muulize habari za klorokwini kabla ya kitu kingine chochote.

Na kama huko kwenu mvua bado, ndoo sita za maji zinatosha kwa nyayo za darasa la watu arobaini. Ila omba ruhusa kwanza kwa mwalimu wa michezo. Mimi sikuomba, na Jumamosi yake kulikuwa na mechi.