Daktari wa Ngozi Anajibu: Mabaka Yasiyosikia Dawa

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka 17. Huu ni mwaka wa nne ana mabaka meupe makalioni, mapajani na ubavuni. Hayaumi, yanawasha kidogo tu. Tumepewa dawa za fangasi mara tatu bila nafuu. Krimu ya steroidi akiipaka yanafifia, akiacha yanarudi. Mwaka jana alikatwa kinyama cha ngozi kikapimwe, majibu yakaja kuwa ni pumu ya ngozi. Sasa daktari mwingine anataja limfoma ya ngozi (saratani ya chembe nyeupe za damu) na anataka kumkata tena. Ya nini, wakati majibu tunayo? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mama, na pole. Mkubalie daktari huyo, akatwe tena.

Anachokishuku kinaitwa maikosisi fungoidi, saratani ya chembe nyeupe za damu aina ya seli T ambazo huhamia kwenye ngozi na kukaa humo. Ni adimu, lakini kati ya limfoma zinazoanzia kwenye ngozi ndiyo inayoongoza. Jina limepotosha wengi: daktari Mfaransa Alibert aliueleza ugonjwa huu mwaka 1806, akaona vivimbe vya mgonjwa vimefanana na uyoga. Hakuna fangasi yoyote ndani yake, kwa hiyo dawa za fangasi haziugusi. Kwa watu weusi, hasa watoto na vijana, mara nyingi huanza na mabaka yaliyofifia rangi kama unayoyaeleza, tena sehemu zisizopigwa na jua: makalio, mapaja, kiuno, matiti.

Mabaka hayo yana ndugu wengi wa kufanana nao, na vipimo vya kuwatenga ni rahisi. Mbalanga huondoa rangi yote, na chini ya taa ya Wood (taa ya mwanga wa urujuanimno) baka hung'aa jeupe pe. Kwenye maikosisi fungoidi rangi imepungua tu. Baka la ukoma mara nyingi huwa limekufa ganzi, kwa hiyo mguse kwa ncha ya pamba akiwa amefumba macho. Kama ni fangasi, magamba yaliyokwanguliwa na kuwekwa potasiamu haidroksaidi yataionyesha kwenye hadubini. Kipimo cha kaswende na cha VVU visiachwe.

Sasa, kwa nini kinyama cha kwanza kilisema pumu ya ngozi? Tukuulize: siku zile alikuwa bado anapaka krimu? Steroidi huzifukuza chembe zenyewe zinazotafutwa, na mpatholojia (daktari anayesoma kinyama kwenye hadubini) hubaki akitazama ngozi iliyotulizwa. Aache kupaka kwenye mabaka wiki mbili hadi nne kabla ya kukatwa, kwa makubaliano na daktari. Hata bila krimu, mwanzoni chembe mbaya huwa chache na hufanana mno na zile za uvimbe wa kawaida, kama wa pumu ya ngozi. Ndiyo maana miaka mitatu au minne hupita kwa wagonjwa wengi kabla ugonjwa haujapata jina, na wengine hukatwa mara kadhaa.

Mtulie pia kwa hili: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Pimeni mabaka kwa kiganja chake. Yakiwa bapa, chini ya asilimia 10, na mitoki haijavimba, hiyo ni hatua ya mapema. Hutibiwa kwa krimu au kwa mwanga maalumu, na wagonjwa wengi wa hatua hiyo huishi umri wa kawaida.

SWALI: Mimi ni tabibu wa hospitali ya wilaya. Nimetuma vinyama vya wagonjwa wawili niliowashuku limfoma, vyote vikarudi na jibu “uvimbe sugu usio mahususi”. Nakosea wapi?

JIBU: Pengine katika kuchagua mahali, au katika fomu. Chagua baka la zamani na nene zaidi, lisilopakwa dawa wala kukwaruzwa hadi kidonda. Kata sehemu mbili au tatu zenye sura tofauti. Kisu cha duara cha milimita 4 kinatosha kwa shida. Tumia cha 6, ufike hadi kwenye mafuta. Kwa baka bapa kabisa, kipande kipana kilichoparwa humpa mpatholojia urefu zaidi wa tabaka la juu, na humo ndimo dalili zilimo: limfosaiti (chembe nyeupe za damu, zikiwemo seli T) zimejipanga mstari chini ya tabaka hilo au zimepanda na kujikusanya humo, huku maji ya uvimbe yakiwa kidogo.

Usikibane kinyama kwa koleo. Limfosaiti zikipondwa huwa michirizi ya wino isiyosomeka. Kiinue kwa ncha ya sindano, ukate kitako kwa mkasi. Kitie mara moja kwenye formalini ya asilimia 10 iliyowekewa bafa (kemikali ya kuzuia isiwe na asidi), ujazo mara 10 ya kinyama au zaidi, kila sehemu chupa yake na jina lake. Kikikaa humo siku nyingi, au formalini ikiwa haina bafa, DNA huharibika na kipimo cha jeni hakitafanyika.

Kwenye fomu andika muda, sehemu, dawa alizotumia na neno “limfoma?”. Ukiandika “upele”, utajibiwa upele. Omba rangi za kutambua protini za chembe: CD3, CD4, CD8, CD7, CD20 na CD30. CD7 ikipungua peke yake haitoshi, hupungua hata kwenye uvimbe wa kawaida. Kwa vijana wenye mabaka meupe, CD8 ikizidi usishangae. Kipimo cha jeni za kipokezi cha seli T kikionyesha ukoo mmoja wa chembe (zote zimetokana na chembe moja), hiyo peke yake si saratani; ukoo uleule ukionekana sehemu mbili za mwili, hapo una uzito. Mwongozo wa kimataifa wa 2005 hutoa hadi alama 2 kwa sura ya ngozi, hadi 2 kwa hadubini, 1 kwa jeni na 1 kwa rangi. Zikifika 4, ugonjwa umethibitika.

SWALI: Baba yangu wa miaka 62 anabanduka magamba mwili mzima, anawashwa usiku kucha, na mitoki imevimba. Ngozi imekuwa nyeusi kama majivu, si nyekundu. Inaweza kuwa hii?

JIBU: Inaweza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha namna hiyo. Sababu nyingine ni soriasi, pumu ya ngozi au dawa aliyoanza karibuni, kwa hiyo pelekeni orodha ya dawa zake zote. Pamoja na kinyama, aombewe kipimo cha damu cha kuhesabu chembe za Sézary (seli T za saratani zinazozunguka damuni): zikifika 1,000 kwa kila maikrolita, ngozi iliyoathirika ikiwa asilimia 80 au zaidi, na ukoo wa chembe ukiwa uleule kwenye damu na kwenye ngozi, ni ugonjwa wa Sézary. Apimwe pia kirusi cha HTLV-1, hasa kama ametokea Kongo, maana limfoma inayoletwa na kirusi hicho hufanana sana na hii na hutibiwa tofauti. Mtoki uliozidi sentimita 1.5 utolewe mzima ukachunguzwe. Asisubiri kliniki ya mwezi ujao: ngozi ya namna hiyo hupoteza maji na joto, na vijidudu huingia damuni kwa urahisi. Akipata homa au kutetemeka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.