Kabla ya kunyoosha DNA kwenye kioo, ilinde isikatike

Vijana wa sayansi hapa Kigoma huniuliza mara kwa mara: nina sampuli kiduchu, nitawezaje kunyoosha DNA yake kwenye kioo? Mawazo yao yote huwa kwenye dawa ya kupaka kioo. Mimi huanza kuwauliza damu waliichukuaje na ilifikaje maabara, kwa sababu kazi nyingi nilizoona zikiharibika ziliharibikia huko.

Njia yenyewe ilitangazwa mwaka 1994 na Aaron Bensimon na wenzake, Ufaransa. Kioo hupakwa utando unaokataa maji, kisha huchovywa kwenye maji yenye DNA. Ncha za DNA hung'ang'ania utando. Kioo kinapovutwa juu taratibu, ukingo wa maji hukokota uzi na kuuacha umelala kavu, umenyooka. Mwaka 1997 ikaonyeshwa kwamba kwenye kioo kilichopakwa silani (kemikali inayofanya kioo kikatae maji), mwendo ukiwa uleule wa mikromita 300 kwa sekunde, mikromita 1 ya uzi ni jozi za besi (vidato vya ngazi ya DNA) 2,000 hivi. Yaani unapima urefu kwa hadubini na kujua umeona kipande kikubwa kiasi gani cha kromosomu. Kwa sehemu za DNA zinazojirudiarudia, ambazo mashine za kusoma vipande vifupi huchanganyikiwa nazo, sijaona kitu kinachofurahisha macho zaidi ya hicho.

Sasa hili la uchache. Seli moja ya binadamu ina pikogramu 6 hivi tu za DNA, lakini zikinyooshwa zote zinakaribia mita 2. Kwa hiyo uchache wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kukatika. Uzi wa jozi milioni 1 hauvumilii kutikiswa wala kupitishwa kwenye ncha nyembamba ya pipeti. Unakuwa kama mshipi mbovu, kila ukiuvuta unakatika. Na kipande kifupi, hata ukikinyoosha vizuri namna gani, hakikuambii kitu.

Ndiyo maana huwashauri waanze na samaki. Chembe nyekundu za damu ya samaki zina kiini, mahali inapokaa DNA, tofauti na zetu, kwa hiyo tone dogo la damu ya mgebuka au kuhe lina DNA ya kutosha na kubaki. Nenda mwalo wa Kibirizi alfajiri, mitumbwi inapoingia, kabla jua halijapanda. Omba samaki ambaye bado anapumua. Chomeka sindano kwenye mshipa wa mkiani, vuta polepole, na damu iingie moja kwa moja kwenye chombo chenye kemikali ya EDTA. EDTA inanyakua magnesi, na bila magnesi vimeng'enya vingi vinavyokatakata DNA haviwezi kufanya kazi. Samaki aliyelala juani hadi saa nne asubuhi mwache aende sokoni.

Ukifika maabara usiitoe DNA kwenye seli ikiwa inaelea majini. Changanya seli na agarosi (jeli itokanayo na mwani) ya uvuguvugu, mimina kwenye vikalibu, iache igande. Halafu tumbukiza vipande hivyo kwenye proteinasi K, kimeng'enya kinachokula protini, nyuzi joto 50, usiku kucha. Protini zinaliwa, DNA inabaki imetulia ndani ya agarosi, haina pa kutikisikia. Vikihifadhiwa kwenye EDTA mahali pa baridi, vipande hivi hukaa miezi. Hata safari ya Dar es Salaam vinaihimili, mradi visigande barafu. Siku ya kazi unayeyusha agarosi, unaimeng'enya kwa agarasi, kimeng'enya kinachovunja agarosi, na baada ya hapo hakuna kukoroga wala kupiga chupa kidole. Mimina tu.

Kioo nacho kina mambo yake. Silani haipatani na unyevu, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Wakati wa masika, chupa ikiachwa wazi, dawa hushikamana yenyewe kwa yenyewe na kuacha madoa kwenye kioo. Kwa anayeanza na fedha ndogo naona afadhali plastiki ya polistireni iliyoyeyushwa kwenye tolueni, ndani ya chemba ya kuvuta mvuke. Kioo kioshwe mpaka maji yatandae juu yake bila kuvunjika, kikauke, ndipo kipakwe. Kisha dondosha tone la maji: likisimama mviringo na kuteleza ukiinamisha kioo, utando uko sawa. Likitanda, rudia kuosha.

Jaribio la kwanza la kunyoosha usilifanye na DNA ya damu uliyoisumbukia. Anza na DNA ya virusi vya lambda, ambayo urefu wake unajulikana: jozi 48,502, karibu mikromita 16 ikiwa haijavutwa, na ikinyooshwa hufika zaidi ya 20. Bafa, yaani maji ya kuwekea DNA yanayoshikilia pH (kipimo cha asidi) isibadilike, iwe ya pH 5.5 hivi, na uipime kwa mita, si kwa karatasi. pH ikishuka sana, uzi hunata mwili mzima na kulala ovyo. Ikipanda sana, haunati kabisa. Ukiona umbo la U, ncha zote mbili zimeshika. Hizo usizipime.

Rangi ya YOYO-1, inayotiwa kwenye DNA ili ionekane kwa hadubini, hung'aa vizuri, ila mwanga mkali ukiipiga kwa muda, DNA hukatika mbele ya macho yako. Tafuta eneo kwa mwanga hafifu, ongeza wakati wa kupiga picha tu. Slaidi zilizobaki zifunge kwenye kisanduku kikavu, gizani, ndani ya friza, na ukizitoa uache kisanduku kipoteze ubaridi kwanza kabla ya kukifungua, la sivyo umande utatua juu ya nyuzi zako.